Usitupe Hiyo Rauta: Waifai ya Mtumba na Mbogi ya Kamembe

Kuna kitu iko kwa karibu kila keja yenye imewahi lipia intaneti: rauta ya kitambo, antena mbili zimeinama, vumbi mob, imewekwa juu ya kabati ikisubiri kutupwa. Hapa Rusizi, Rwanda, utaipata kwa droo ya mathe, utaipata kwa stoo ya shule, na utaipata kwa meza za wasee wa simu pale Kamembe, imechanganywa na machaja, marimoti na betri zimefura. Mwenye meza anaitoa na bei ya kuifukuza, juu kwake hiyo ni plastiki tu. Mi naona akiuza kitu bado iko na miaka ya kazi ndani, na hiyo kazi watu wa huku mpakani wanaihitaji kushinda watu wa Kigali ama Nairobi.

Rauta ni kompyuta ndogo. Iko na prosesa, iko na ram, iko na flashi, na ndani ya hiyo flashi kuna programu inaitwa faimwea yenye inaamua kila kitu: nani anaingia, paketi gani inapita kwanza, paswadi inalindwa aje. Kampuni ikishauza modeli inatoa apdeti miaka kadhaa, alafu inasonga kwa modeli ingine na ya kwako inaachwa. Redio bado inashika poa, bodi haina shida, lakini akili imebaki ya zamani. Ndio unaona waifai inakwama simu zikijaa, ndio inabidi mtu azime na kuwasha kila jioni, ndio kuna mashimo ya usalama yenye kiwandani hakuna mtu atarudi kuziba. Form ni kutoa hiyo akili ya kiwanda na kuweka ingine, imeandikwa na watu hawauzi rauta. Majina zake kubwa ni tatu: OpenWrt, DD-WRT na FreshTomato.

Hizi vitu zina historia tamu na lazima niwapee. Desemba 2002 kampuni ya Linksys ilitoa rauta ya bluu na nyeusi inaitwa WRT54G. Mwaka uliofuata Cisco ikainunua Linksys, na huo mwaka 2003 wasee wa Linux wakagundua kitu: faimwea ya hiyo boksi imejengwa juu ya Linux. Sasa Linux iko chini ya leseni ya GPL, na GPL inasema ukisambaza kitu imebeba huo msimbo, mwenye amekinunua ako na haki ya kuuitisha. Wasee wakaitisha. Presha ikapanda hadi msimbo ukaachiliwa, na kutoka hapo 2004 OpenWrt ikazaliwa. 2005 msee wa Ujerumani, Sebastian Gottschall, akaanzisha DD-WRT. Rauta ya keja ya kawaida ikaanza kufanya mambo yenye zamani ulikuwa unauziwa kwa mashine za ofisi kubwa.

Alafu ikakuja ile sehemu inaniumanga. Mwisho wa 2005 WRT54G ikafika vasheni ya 5. Boksi ni ile ile, jina ni lile lile, lakini ndani flashi imekatwa kutoka megabaiti 4 hadi 2, ram kutoka 16 hadi 8, Linux imetolewa, imewekwa mfumo wa VxWorks. Msee alienda dukani na jina kichwani, akarudi na kitu ingine kabisa. Wale walitaka Linux wakatolewa yao kando, WRT54GL, na hiyo L ya mwisho ni ya Linux. Shika hiyo story vizuri, juu inakurudia hapa hapa Kamembe.

Chukua ile rauta imejaa Afrika Mashariki yote, TP-Link TL-WR841N. Nyeupe, antena mbili, unaijua hata kama hujui jina. Igeuze. Chini kuna kibandiko, na kwa hicho kibandiko kuna maandishi madogo sana: Ver, alafu namba. Hapo ndio kila kitu inaamuliwa. Vasheni ya 8 na ya 9 ziko na flashi ya megabaiti 4 na ram ya 32. Vasheni ya 13 iko na 8 na 64. Ungedhani ya 14 ni poa zaidi juu ni mpya, lakini ya 14 ilirudishwa chini kwa 4 na 32. Rauta mbili ziko kando kando kwa meza moja, zinafanana hadi skrubu, bei moja, na moja inaweza badilisha maisha ya ploti yenu na ingine itakusumbua bure.

OpenWrt walishasema wazi: kitu iko na megabaiti 4 za flashi ama 32 za ram usiinunue ukitarajia kuweka matoleo ya saa hii. Kiwango cha chini ni 8 na 64, na hata hapo ni kubanana: unapata mfumo wenyewe na zile kurasa za LuCI za kubonyeza, nafasi ya kuongeza vitu ni kidogo. Ukipata 16 na 128, hapo umeomoka. Kama tayari uko na ile ya 4 na 32, DD-WRT bado iko na matoleo ya modeli nyingi ndogo na za zamani, na inaweza kukusaidia kuifanya tu iongeze mawimbi ama igawe kebo. Lakini kama unatoa doo mfukoni, usitoe kwa hiyo. Kwa saiti ya OpenWrt kuna jedwali ndefu ya vifaa: andika modeli, tafuta vasheni, soma. Fanya hivyo ukiwa bado umesimama kwa meza ya muuzaji. Atakuharakisha, atakwambia "vieux, iko bien, chukua". Mwambie angoje.

Kitu ingine ya kuangalia ni nani mwenye boksi. Zile za faiba na zile za laini zenye ulipewa ukifungiwa intaneti, mara mob ni mali ya kampuni, na chipu zao nyingi hazikubali OpenWrt hata ujaribu aje. Hizo zilenge. Acha ya kampuni ifanye kazi yake, alafu rauta yako uiweke nyuma yake na kebo. Kutoka hapo kila kitu ya keja inapita kwako kwanza.

Sasa mbona nasema ni muhimu zaidi huku? Cheki vile intaneti inatufikia. Tuko kona ya kusini magharibi ya Rwanda, ukishuka kutoka Kamembe kuenda Cyangugu unafika daraja la Rusizi ya Kwanza, ng'ambo ni Bukavu, Kongo. 4G ilianza nchini 2014 kupitia KTRN, kampuni ya serikali na Wakorea wa KT, ikiuzia mitandao ingine kwa jumla. Juzi juzi milango imefunguka, Starlink ikaingia 2023, MTN ikaanza kujisimamia 4G yake. Poa sana. Lakini kwa vijana wengi wa mtaa, intaneti bado inakuja kwa bando: laini moja, ploti moja, watu wengi. Kuna dem anafanya masomo ya chuo mtandaoni, kuna msee anauza viatu Bukavu kwa WhatsApp, kuna mtoi anacheki katuni, na kuna yule beshte wa ghorofa ya chini anadanlodi muvi usiku kucha bila kuambia mtu. Wote wanakunywa kwa bando moja. Rauta ya kiwanda haijui tofauti kati yao. OpenWrt inajua.

Hapa acha nikae kidogo. Ushawahi piga simu ya video kwa shosho, yuko vizuri, alafu mtu kwa ploti anaanza kupandisha mapicha na sauti inakatika katika? Utasikia watu wakisema network ni mbaya. Mara mob network haina makosa. Paketi zimejipanga kwa foleni ndefu ndani ya modemu, na paketi ya sauti ya shosho imekwama nyuma ya mapicha. Hiyo shida inaitwa bufferbloat, jina lilipeanwa na Jim Gettys, na 2011 yeye na Dave Täht wakaanzisha mradi wa kuitafutia dawa. Dawa ikapatikana: fq_codel, alafu cake. Kwa OpenWrt unaipata kwa paketi inaitwa SQM. Inafanya vile ingekuwa kwa daraja la Rusizi kama wenye beseni ya nyanya wangeruhusiwa kupita katikati ya malori: lori halicheleweshwi hata, na mama wa nyanya anafika soko asubuhi.

Kuiseti si ngumu. Pima spidi ya laini yako jioni, ile saa watu wote wako onlaini, si alfajiri. Kama unapata megabiti 10 kushuka na 4 kupanda, andika kwa SQM kitu kama 9 na 3.5, asilimia 85 hadi 95 ya ile umepima. Chagua cake, alafu hifadhi. Kwa laini ya 4G yenye spidi inapanda na kushuka, kaa upande wa chini. Unatoa spidi kidogo unapata utulivu, na hiyo biashara mi nitaifanya kila siku. Mtu akidanlodi, anadanlodi. Shosho anaongea. Msee wa gemu anapata ping imetulia. Chipu ndogo za zamani haziwezi SQM kwa laini ya faiba kubwa, zitachoka, lakini kwa bando zetu za kawaida ziko fiti kabisa.

Alafu kuna nlbwmon, kitu ndogo inakuonyesha kila simu kwa waifai yenu imekula megabaiti ngapi mwezi huu. Hii inamaliza kesi za ploti. Hakuna tena kulaumiana gizani wakati wa kuchanga doo ya bando: mnakaa chini, mnafungua ukurasa, kila mtu anaona, mnagawana kwa haki. Kama ram inatosha weka adblock na orodha ndogo, matangazo yanazuiwa kabla yashuke na kula bando. Wageni wapee jina lao la waifai, kando na lenu, ili simu ya mtu usiyemjua isiguse lapi yako. Na kama rauta iko na tundu ya USB, kwa mfano TL-MR3420 vasheni ya 5, unachomeka simu yako na kebo, rauta inavuta data ya simu na kuigawa kwa keja nzima, simu ikichaji hapo hapo kidogo kidogo. Kwa vile wikendi mbogi inakaa kando ya Ziwa Kivu, samaki za sambaza za kukaanga kwa sahani na mechi kwa lapi, hiyo boksi na pawabanki yenye kebo ya kupandisha volti inatosha kabisa. Angalia tu volti za kibandiko kwanza, juu 841N nyingi zinataka 9 na ukiweka 12 ni ngori.

Sasa siku ya kuflashi. Wasee wa simu Kamembe wanaflashi masimu kila siku, kwa hivyo roho ya hii kazi iko mtaani tayari. Heshimu tu mambo kadhaa. Tumia kebo, usitumie waifai kupeleka faimwea, juu waifai ikikatika katikati umeshika tofali. Umeme uwe wa uhakika, na kama mvua ya msitu wa Nyungwe imeanza kunguruma ngoja kesho. Faili iwe ya modeli yako na vasheni yako, neno kwa neno. Kuna ya factory, hiyo ni ya kutoka kwa programu ya kiwanda, na kuna ya sysupgrade, hiyo ni ya rauta yenye tayari ina OpenWrt. Ukishaidanlodi linganisha namba za SHA256 na zile ziko kwa saiti. Inachukua dakika moja, na ndio unajua faili imefika nzima na hakuna mtu ameigusa.

Kwa 841N vasheni ya 13 njia ni ya kipekee kidogo. Ukurasa wa kiwanda hauikubali, unapitia mlango wa nyuma wa TFTP. Lapi unaipea anwani 192.168.0.225, unawasha programu ya TFTP, faili ya tftp-recovery unaibadilisha jina iwe tp_recovery.bin. Kebo kwa tundu ya LAN, si ile ya intaneti. Finya kitufe cha reset, washa rauta ukiwa bado umefinya, shikilia sekunde 6 ama 7 hadi ianze kuvuta faili. Achia. Kaa mbali nayo. Usiguse, usizime, hata taa zikicheza vile huelewi. Uzuri wa hii njia ni moja: huo mlango uko kwa sehemu inaamka kabla ya faimwea yenyewe, so hata mambo yakiharibika baadaye unaweza rudi kupitia hapo na kuanza tena.

Ikishaamka, anwani ni 192.168.1.1, jina ni root, na hakuna paswadi. Kazi ya kwanza ni kuweka paswadi, kabla ya kitu ingine yoyote. Usishtuke ukikosa waifai, kwa kawaida OpenWrt inakuja imezimwa redio hadi uiwashe mwenyewe. Kwa nchi chagua RW, ndio redio ifuate chaneli na nguvu zimeruhusiwa hapa. Wengine wanaweka nchi ingine wakidhani mawimbi yatafika mbali. Simu yako ndogo haina nguvu ya kujibu kutoka huko, kwa hivyo hujapata kitu, na umesumbua majirani.

Usalama ndio sababu mi siwezi kunyamaza kuhusu hii stori. Mei 2018 ilijulikana kwamba programu mbaya inaitwa VPNFilter ilikuwa imeingia kwa rauta na vifaa angalau 500,000 kwa nchi angalau 54, zikiwemo za Linksys, Netgear, MikroTik na TP-Link. FBI ikaambia watu wazime na kuwasha rauta zao. Mwaka uliotangulia, Oktoba 2017, ilitoka KRACK, shimo kwa WPA2 yenyewe. OpenWrt ilitoa marekebisho haraka. Rauta ngapi za zamani hazijawahi pata hata apdeti moja tangu zitoke kwa kartoni? Mathe anatuma doo kwa simu akiwa kwa hiyo waifai. Budake anasoma meseji za benki hapo hapo. Kijana wa keja akijua kuflashi rauta, analinda watu wake.

Na hii si ndoto ya watu wa mbali. Kwa hili ziwa letu la Kivu, upande wa Kongo, kisiwa cha Idjwi kilipata mtandao wake wa jamii, Pamoja Net, baada ya Mwami (mfalme) Ntambuka kusukuma watu wake wasiachwe nje. Kibera kule Nairobi, shirika la Tunapanda walijenga TunapandaNET, shule na senta za vijana zikaunganishwa kwa antena za juu ya mapaa. Sisi tuko na Nkombo hapo kwa maji, tuko na mashule kutoka Kamembe hadi Bugarama, na tuko na vijana wanajua kufungua simu na kuifunga tena bila skrubu kubaki. Kuunganisha madarasa matatu na rauta za mtumba zenye akili mpya ni wera ya wikendi. Ukitaka kuuzia mtaa intaneti hapo mambo ni ingine, pitia mamlaka ya udhibiti, RURA, upate leseni. Lakini shule yako, kanisa lako, msikiti wako, ploti yenu, hakuna mtu anakuzuia.

Zile rauta zimekufa kabisa, usichome na usitupe kwa mto. Rwanda iko na kiwanda cha taka za elektroniki Bugesera, chini ya Enviroserve, kusanyeni zifike huko. Zile bado zinawaka, zipeeni nafasi.

So wasee wa Kamembe, Gihundwe, Bugarama, hata nyinyi wa ng'ambo Bukavu: leo ukifika kwa keja geuza hiyo rauta, soma Ver, andika namba kwa simu, alafu icheki kwa jedwali. Ikiwa 8 na 64 ama zaidi, tafuta kebo ya LAN na beshte mmoja wa kujifunza naye. Na ukishajua, fundisha mtoi wa jirani bure.